Pini

Alhamisi, baina ya adhuhuri na alasiri,
Bi Shinuna kaja kujaribu gauni la harusi ya mwanawe,
nami pini nne mdomoni, ya tano mkononi.
Sikuona pa kuiweka,
nikaichomeka kifuani, kwenye dera langu,
kama nifanyavyo miaka kumi na minane.
"Mize," akasema, "damu."
Nikatazama kidole. Kikavu.
"Si huko, bibi wee. Ziwani."

Ilikuwa imezama hadi kichwa.
Nikaichomoa kama ninavyochomoa pini mtoni mwa kiti.

Hawakunidanganya.
Dar, ghorofa ya nne, daktari alinichora kwa wino wa buluu
kama nichoravyo mimi kwa chaki:
hapa tutakata, hapa tutakunja, hapa pindo.
Nilimwelewa, ufundi ni mmoja.
Akasema hisi zaweza kurudi, zaweza zisirudi,
zaweza kurudi zikakosea nyumba.
Nikatia saini.
Mabega yangu yalikuwa na mifereji ya kamba za sidiria,
ungeweza kukingia maji ya mvua.
Nikisujudu, maziwa yalitangulia.
Sijuti. Nalisema hili mapema
kwa sababu Chake Chake wapo wanaongoja nijute.
*Kaumbwa, kajiumbua,* wanasema,
kisha wanakuja kupimwa.

Mwaka ule nilijijaribu kama kitambaa kipya.
Barafu ya ukwaju ya jirani:
kushoto baridi,
kulia habari tu ya baridi,
kama kusikia redioni kwamba Mkoani kunanyesha.
Unyoya wa kuku: hamna.
Mafuta ya karafuu, nikacheka peke yangu.
Sisi huyapaka jino ili life ganzi,
mimi nilitaka yafanye kinyume.

Na usiku.
Miezi mingapi nilisema "mm" pale Faki aliponigusa,
nikikisia kwa kivuli cha mkono wake ukutani.
Siku moja akazima taa
nikasema "mm"
kabla hajagusa.

Akawasha. Tukatazamana.
Nikamwambia: huku kumelala.
Hapa chini ya mshono kumeamka, lakini kumeamka na hasira.
Chuchu hii ukiigusa, naisikia kwapani.
Hakusema pole.
Faki hupanda nguzo za umeme;
anajua giza la Pemba mara nyingine chanzo chake kiko Tanga,
mbali, ndani ya waya uliolala chini ya bahari,
na kwamba kuipiga taa makofi hakusaidii.
Akauliza kama mtu wa kazi:
"Na hapa? Na hapa je?"
Tukaweka alama kwa chaki yangu ya pinki.
Asubuhi nikafua shuka yenye ramani.

Siku hizi kuna shoti.
Hunikuta sokoni nikihesabu chenji: *tss*,
kutoka kovuni hadi nchani,
nasimama na fungu la dagaa mkononi
nikingoja watoto wa mtaa wapige kelele, "Umeruudi!"
Haujarudi. Umepepesa tu.

Na juzi, mwasho.
Mwasho wa kweli, mtamu, upande ule uliolala.
Nikakuna ziwa: sipo.
Kwapa: sipo.
Nikakuna mpaka ubavuni, mpaka nyuma ya bega,
mwasho upo, pahala pake hapapo.
Bi Shinuna kaingia na kitambaa cha binti wa pili
akanikuta nimejipinda kama nguo ya kukamuliwa.
"Una nini tena?"
Pini nne mdomoni. Nikacheka kwa pua.

Ya tano siku hizi naichomeka kwenye mto mdogo
nilioushona mwenyewe, naufunga kifundoni mwa mkono.
Nimeujaza pamba hadi umekuwa mgumu.
Nao hausikii kitu,
ila huo haukuwahi.